Kuvua trauti wakati wa kiangazi: maji yakipungua, jifunze kutembea

Kila Januari, mvua za vuli zikishakatika na mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare ikianza kupungua, mimi huiacha nyumbani fimbo ndefu ya kuvulia na kuchukua ile fupi ya futi saba. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba msimu mzuri ni ule ambao mto umejaa. Ni kweli kwamba mto uliojaa humsamehe mvuvi makosa mengi, kwa kuwa maji yaliyochafuka kidogo humficha, lakini wakati wa kiangazi trauti, samaki huyu wa maji baridi, humwona mvuvi kabla mvuvi hajamwona yeye, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijajifunza kuvua.

Siku yangu ya kwanza ya kiangazi kwenye Mto Thego nilivaa fulana nyeupe, nikasimama wima ukingoni na kurusha mshipi mbali kadiri nilivyoweza, nikijiona hodari. Mzee aliyenisindikiza, ambaye ujanani aliwabebea wageni vifaa vyao vya uvuvi, aliniacha nihangaike hadi saa tano bila kuguswa na samaki hata mmoja, kisha akaniambia kwa upole, "Kijana, hebu piga magoti." Nilidhani ananitania. Nilipopiga magoti nyuma ya jiwe na kurusha mshipi mita sita tu, nilimpata trauti wa kwanza katika jaribio la tatu.

Sababu si uchawi. Trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa kuwa chakula chake huletwa na mkondo, na kwa hiyo anayepanda kutoka chini ya mto humjia kwa nyuma. Isitoshe, mwanga hupinda unapoingia majini, kiasi kwamba kitu kilichoinama karibu na usawa wa maji hakimfikii samaki vizuri, ilhali mtu aliyesimama wima huonekana mzima. Kishindo cha miguu nacho husafiri kupitia ardhi hadi majini, lakini sauti ya maneno kwa sehemu kubwa hubaki hewani. Jambo hili la mwisho lina faida kubwa katika misitu yetu, kwa sababu anayenyata kimya vichakani anaweza kumshtua nyati. Sisi huzungumza kwa sauti njiani, askari wa wanyamapori akiwa mbele, na tukikaribia maji tunaendelea kuongea kama kawaida huku tukikanyaga kama wezi.

Kuhusu chambo, usijaze kisanduku. Maji yakiwa machache, sehemu kubwa ya chakula cha trauti huanguka kutoka nchi kavu: siafu, panzi, mbawakawa, na chochote kinachopeperushwa na upepo kutoka kwenye nyasi. Nzi bandia mdogo mweusi anayeelea, aliyefungwa kwenye ndoana namba 14 au 16, hunitosha kwa siku nyingi. Kipande cha mwisho cha uzi kiwe chembamba, wastani wa milimita 0.15, na uzi mzima kutoka kwenye mshipi hadi kwa nzi usipungue futi tisa. Kosa linalowaangusha wengi ni kuuacha mshipi ulale juu ya mkondo wa kasi ulio kati yao na samaki: mkondo huuvuta mshipi, mshipi humvuta nzi, na trauti hamgusi mdudu anayekwenda mbio kuliko maji yanayombeba. Inua fimbo juu ili sehemu kubwa ya mshipi isiguse maji kabisa.

Vitabu vya Ulaya husisitiza alfajiri na machweo. Katika mito ya chini, kwenye mita 2,000 hivi, alfajiri ni nzuri kweli. Lakini juu kwenye nyika za Aberdare, ambako usiku wa Januari huacha umande ulioganda, samaki huwa wazito hadi jua litakapopasha maji, nami sianzi kabla ya saa tatu. Machweo nayo, hapa karibu na ikweta, ni mafupi mno. Ukichelewa kubadilisha nzi, giza limeshaingia.

Trauti si mwenyeji wetu. Wale wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 na kutiwa katika Mto Gura wa Aberdare, na mpaka leo hawaishi ila penye maji baridi, kwa sababu maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Ndiyo maana, pamoja na leseni, natembea na kipimajoto mfukoni. Kabla ya kuanza nakibana kwa koleo kile kijino cha ndoana ili itoke kwa urahisi. Ninayemrudisha mtoni simvuti kwa muda mrefu, nalowesha mikono kabla ya kumshika ili nisimwondolee ute wake, na namshikilia akiwa ameelekea mkondo mpaka ajitoe mwenyewe. Alasiri, kipimajoto kikigusa nyuzi 20, nakunja mshipi na kutafuta chai, hata kama samaki bado wanaruka.