Mwanangu Zuberi, kuhusu hilo jina Rufaida

Mwanangu Zuberi,

Voisi zenu nimezipata, ya kwako na ya mkeo, na nimefurahi mno kusikia mnatarajia binti na mkeo keshalipenda jina la Rufaida. Nimeelewa pia mjomba wake kawatia wasiwasi, kawaambia hilo jina asili yake ni kukataa na mtoto atakuja kuwa mkaidi, ndo mkaniuliza maana yake hasa nini, limetoka kwa nani, na mbona hamjawahi kukutana na mtoto anaitwa hivyo. Nimeona bora niandike manake haya mambo ya herufi kwa voisi hayaeleweki, na mkeo akitaka amsomee mjomba wake itakuwa rahisi.

Nianze na mjomba. Mzee ana haki kabisa ya kuuliza, jina la mtoto linaangaliwa maana kwanza. Ila kashika herufi siyo. Kuna rafadha, ile ya dhaadi, hiyo kweli ndo kukataa, na ndo lilikotoka neno Rafidhi, jina la kejeli wanaloitwa Mashia, ambalo bila shaka ndilo lililomjia kichwani. Rufaida ni ya daali. Ni raa, faa, yaa, daali na taa marbuta mwisho. Rafada ya daali ni kumsaidia mtu, kumpa kitu, kumshikilia asianguke, haina uhusiano wowote na hiyo nyingine. Sisi kwenye Kiswahili wala hatupati shida, dhaadi tunaiandika dh, angalia Ramadhani, kadhi, fadhila, na daali tunaiandika d. Kwa hiyo mkija kuandikisha cheti hakikisheni hakuna h pale, manake makarani wengine wakisikia jina la Kiarabu tu wanaongeza h popote, na Rufaidha hilo sasa ni neno lingine.

Na usione ni kitu kidogo. Kwenye Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, kuna hadithi kwamba Sayyidna Omar alikuwa na binti anaitwa Aasiya, kwa swaadi, yaani muasi, Mtume s.a.w. akambadilisha akamwita Jamila. Wakati huo huo Asia mke wa Firauni, hiyo ya siini, ni mwanamke mwema na watu wanawapa watoto wao jina hilo mpaka leo. Masikioni kwetu ni kitu kimoja, kumbe mawili tofauti. Mwambie mjomba hilo, ataelewa haraka manake kasoma chuo cha Qurani.

Sasa hiyo rafada ina ndugu zake wengi. Makka zamani kabla ya Uislamu Makureshi walikuwa na kazi inaitwa rifada, kila ukoo unatoa mali yake, inakusanywa, mahujaji wasio na chakula wanalishwa. Wanasema aliyeianzisha ni Qusayy, mkubwa wa Makureshi, baadae ikaja kushikwa na Hashim, baba wa babu yake Mtume, na Hashim mwenyewe jina lake halisi ni Amr, hilo Hashim kalipata kwa kuvunjavunja mikate kwenye mchuzi awape watu wa Makka wale mwaka wa njaa. Kwenye Qurani neno rifdu limo Surat Hud aya ya 99, ingawa pale linasemwa kwa ubaya, kwamba walichopewa Firauni na watu wake ni kipawa kibaya, lakini neno lenyewe ni hilohilo, kipawa, kitu mtu anachopewa. Alafu kuna hii utaipenda wewe mtu wa mpira: mto unaomwaga maji yake kwenye mto mwingine Waarabu wanauita raafid, kwasababu unauongezea nguvu, ndo nchi ya Iraki ikaitwa Bilad Rafidaini, yaani nchi ya mito miwili, kwa ajili ya Dijla na Furati, na timu yao ya taifa iliyochukua Kombe la Asia 2007 inaitwa Simba wa Rafidaini. Kwa hiyo huyo mjukuu wangu ana ukoo mmoja na mito miwili mikubwa, na hapo bado hajazaliwa.

Ile sauti ya "u" ikafuatiwa na "ai" ni namna ya Waarabu kulifanya jina liwe dogo, mara nyingi kwa mapenzi. Hassan linakuwa Huseni. Ndo hayohayo kina Sumaiya, Nusaiba, Juwairia, na Zuwena ambao Unguja wamejaa tele. Na wewe mwenyewe Zuberi umo kwenye kundi hilo. Rufaida basi ni kama kusema kimsaada, kizawadi, yule mdogo anayeshika mkono wa mwenzake.

Lakini mimi si maana tu iliyonifanya nilipende, ni mwenye jina. Unajua mama'ko kafanya kazi wodini mpaka kastaafu, na kila mwaka tarehe 12 Mei siku ya wauguzi tulikuwa tunawasha mishumaa tunakula kiapo na kumkumbuka Florence Nightingale, ambayo ni haki yake manake ndo siku aliyozaliwa na alifanya kazi kubwa kwenye vita ya Crimea miaka ya 1850. Sina neno naye hata kidogo. Ila mimi pale na mshumaa wangu moyoni nilikuwa namuweka na Rufaida, wa kabila la Aslam, pale Madina, zaidi ya miaka 1200 kabla ya hapo.

Habari zake kwenye vitabu vya zamani ni chache, mtandaoni watu wanaziongezea sana, mimi nakupa zile za msingi. Vita ya Khandaq, yaani ya Handaki, mwaka wa 5 Hijria ambao ni 627, Saad bin Muadh, mkubwa wa kabila la Aws, alipigwa mshale mkononi ukakata mshipa mkubwa wa damu. Rufaida alikuwa na hema lake pale msikitini kwa Mtume, anatibu majeruhi, na Ibn Ishaq, mwandishi wa zamani wa maisha ya Mtume, anasema alikuwa anajitolea nafsi yake kwa yeyote aliyepatwa na shida, anatafuta malipo kwa Mungu. Mtume akasema Saad awekwe kwenye hema la Rufaida ili iwe karibu kumtembelea. Sasa mimi kama nesi naiona picha yote, mshipa wa mkono ukikatika ile damu si mchezo, na kwenye Muslim imetajwa kwamba kidonda kilichomwa moto kusimamisha damu, mkono ukavimba, ikabidi kichomwe tena. Fikiria huyo mama ndani ya hema, jua la Madina, hana drip, hana gozi za kiwandani za kufungia kidonda, hana dawa ya usingizi, mgonjwa ni kiongozi mzito mji mzima unamwangalia, na mkono unazidi kuvimba.

Na kuna jambo moja limetajwa kwenye Al-Adab Al-Mufrad ya Imam Bukhari ambalo mimi nikilisoma hua nasimama kidogo. Mtume alikuwa akipita pale jioni anamuuliza Saad, umeshindaje? Na asubuhi anamuuliza, umeamkaje? Basi. Zuberi mwanangu, asiyelala wodini hajui hayo maneno mawili yana uzito gani. Nimeona wagonjwa saa ya kuona wagonjwa ikifika wanageukia ukutani kwasababu wanajua hakuna anayekuja, na wengine nimewaona wanakaa kitako wanajipangusa uso na kanga mapema kabisa kwasababu wanajua mtu wao lazima atokee mlangoni na chupa ya uji. Kidonda ni kilekile, dawa ni ileile, ila hawa wa pili wanakula, wanauliza maswali, wanakubali sindano. Rufaida hema lake liliwekwa palipo na watu, mgonjwa akawa anasikia adhana, anasalimiwa, hajatupwa nje ya mji. Saad alifariki baadae, kidonda kilifunguka, na Mtume alisema arshi ya Rahmani, yaani kiti cha enzi cha Mungu, imetikisika kwa kifo chake, hiyo ipo kwenye Bukhari na Muslim. Kwa hiyo Rufaida hakumponya. Alimuuguza mpaka mwisho, na hiyo ndo kazi yetu siku nyingi kuliko mnavyofikiri nyie mlioko nje.

Umeuliza mbona halisikiki. Ni kwasababu sisi huku pwani tunaita majina ya wazee wetu, bibi mzaa baba, bibi mzaa mama, yanazunguka hayohayo, kina Mwanaisha, Mwanahamisi, Saumu, Zuhura, alafu yanayokuja ni ya nyumba ya Mtume ambayo tunayasikia tangu chuoni, Khadija, Fatuma, Aisha, Zainabu, Hafsa. Rufaida hakuwa mke wa Mtume wala binti yake, alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye kazi yake, kwa hiyo jina halikusambaa. Siku hizi watu wanachagua majina kwa mlio, lakini hata hapo naona wanakimbilia yaleyale wanayoyaona kwa wenzao. Ila lipo duniani, Indonesia utakuta Rufaidah, Waturuki wanaandika Rufeyda, Wamisri wana Rofida. New Delhi pale chuo kikuu cha Jamia Hamdard chuo chao cha uuguzi kinaitwa Rufaida, na Bahrain chuo cha udaktari cha Waairishi kina tuzo ya wanafunzi wa unesi yenye jina lake. Uhaba wake mimi sioni kasoro, mradi maana ni njema na mwenye jina ni mwema basi mtoto hatapungukiwa na kitu, mwalimu akiita Rufaida atasimama mmoja tu.

Kitu kimoja muwe tayari nacho, mtaani watamkata waite Faida. Kiswahili kitalisikia hivyo na huwezi kuzuia. Faida ni neno jingine kabisa, ila si baya, na tunao kina Faida wengi tu, muacheni aitwe na wenzie, nyie nyumbani mkamilishe jina.

Na kama familia ya mkeo bado itakuwa na uzito, mimi sitalazimisha, mtoto ni wenu. Yapo mengine kwenye njia hiyohiyo ya wanawake waliofanya kazi. Kuna Nusaiba aliyesimama kwenye vita ya Uhud na upanga kumkinga Mtume, kuna Shifaa aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika, kuna Rubayyi ambaye kwenye Bukhari anasimulia mwenyewe walivyokuwa wanawapa maji wapiganaji na kutibu majeruhi, ingawa hilo la mwisho makarani watalivuruga zaidi ya Rufaida. Moyo wangu uko kwa Rufaida na sifichi.

Mkeo mwambie asinyanyue ndoo, na kliniki asiruke hata akijisikia mzima, na akiona miguu imevimba au kichwa kinamuuma sana asisubiri kesho yake, aende siku hiyohiyo. Babaako anasema mkishakubaliana jina mpigieni yeye kwanza, mbuzi wa akika anataka aagize mapema Handeni kabla bei haijapanda.

Mama'ko