Jibu: Kwa nini mafuta ghafi yananipa nundu badala ya vilele?

Mkuu, mashine yako haina kasoro. Umesema dizeli ilitoa vilele safi kwenye kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi (mashine inayotenganisha molekuli zikiwa mvuke, kisha kuzipima uzito), lakini mafuta ghafi yakakupa nundu pana kwenye grafu. Nundu hiyo ni maelfu ya haidrokaboni zinazotoka kwenye safu (bomba jembamba linalozitenganisha) karibu kwa wakati mmoja. Tena hapo unaona zile zinazogeuka mvuke tu. Lami nzito haitoki kabisa, inabaki ndani na kukuchafulia safu.

Usiitupe data yako, lakini. Chuja ioni (vipande vyenye chaji) moja moja kwa m/z, yaani uwiano wa masi kwa chaji: 57 au 85 itakuonyesha alkani (haidrokaboni za kawaida zisizo na pete), 191 hopani, 217 sterani. Hopani na sterani ni masalia ya viumbe vya kale, na ndizo zinazotumika kulinganisha mafuta yaliyomwagika na chanzo chake. Mimi huanzia 191.

Ukitaka sehemu nzito, hapo ni FT-ICR (spektrometa ya masi yenye usahihi mkubwa sana), hakuna njia ya mkato. Molekuli mbili zinazotofautiana kwa C3 dhidi ya SH4 (moja ina kaboni tatu pale nyingine ina salfa moja na hidrojeni nne) zina pengo la daltoni 0.0034 tu (daltoni ni takriban uzito wa hidrojeni moja), na mashine ya kawaida itaziona kama kitu kimoja.

Angalizo: uionishaji wa elektrospreyi, njia ya kuzipa molekuli chaji inayotumika sana na FT-ICR, hukamata zaidi asidi na misombo ya nitrojeni. Alkani hazionekani humo, kwa hiyo usije ukaandika kwamba sampuli yako haina alkani. Na asilimia za vilele si asilimia za mafuta yenyewe.