Kachanjwa na bado kaugua nimonia, sindano ilikuwa ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Malindi, mtoto wangu alidungwa zile za nimonia zote tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na juzi bado kaugua. Si kazi bure tu? Mama mkwe naye anasema zamani hazikuwepo na watoto walikua.

JIBU: Marahaba, pole sana mamake. Nimonia haina mdudu mmoja, kuna virusi na bakteria kibao, hii chanjo inalenga bakteria mmoja aitwaye nimokokasi peke yake, na huyo naye ana aina zaidi ya 90, ile iliyoanza Kenya 2011 ilibeba 10 tu, zile sumbufu. Kawaida anakaa puani mwa mtoto bila neno, balaa ni akiingia kwenye damu au utando wa ubongo, hapo mtoto anaweza kufariki kwa siku chache au kubaki kiziwi. Sasa huko ndiko sindano inakofanya kazi, na ushahidi uko hapo hapo Kilifi kwenu: kwa walio chini ya miaka 5, ugonjwa huo mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa 92%. Hata vichanga ambao hawajafika umri wa kudungwa walikingika nao, maana wakubwa zao hawawaambukizi tena.

Mama mkwe mwambie polepole, anakumbuka waliokua, waliozikwa je?

Na huyo mdogo akipumua mbio au kifua kikibonyea ndani, usingoje kesho, mkimbize hosi.