Wiki 13 kwa wino mmoja

Nilipomwambia mama kwamba nimejiandikisha kwenye Tuzo ya Rais, mpango wa vijana kujiendeleza nje ya darasa, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na huko mnashindana wangapi?" Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, mwanafunzi wa katikati ambaye jina lake halijawahi kusomwa gwarideni. Ilinichukua likizo nzima kumwelewesha kwamba huko hapatolewi nambari. Unajiwekea lengo, unalifanyia kazi, na ukilitimiza tuzo ni yako, hata kama darasa zima nalo limetimiza yake. Kwa mzazi wa Kenya aliyezoea kusoma "nafasi ya 27 kati ya 54", hilo ni gumu kumeza.

Mpango wenyewe ulianzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, na Kenya ikaupokea 1966. Ngazi ni tatu: Shaba kuanzia miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16. Kila ngazi ina huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya mwili na msafara.

Wengi huingia kwa ajili ya msafara, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini msafara wa Shaba ni siku mbili na usiku mmoja tu. Utapita, hata ukiwa na viatu vibaya. (Usivae viatu vipya. Mimi nilivaa, na kabla hatujamaliza vilima vya Ngong nilikuwa natembea kama bata.) Kinachowaangusha watu ni ile saa moja ya kila wiki ya huduma, stadi au mazoezi, ambayo hakuna anayeipiga picha.

Stadi niliyochagua ni unyozi. Bwenini wateja hawakosekani. Niliharibu vichwa viwili vya kwanza, kisha mkono ukatulia. Kunyoa nilinyoa kweli, ila kitabu cha kumbukumbu, ambamo unaandika ulichofanya kila wiki ili kitiwe sahihi, kililala chini ya godoro. Usiku wa kuamkia ukaguzi nikakitoa, nikajaza miezi mitatu kwa mkupuo. Mwalimu mlezi alifungua kurasa polepole.

"Wiki 13, kalamu moja," akasema. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Na wiki hii shule ilipokuwa imefungwa, ulikuwa unamnyoa nani bwenini?"

Hakunipigia kelele. Alinirudishia kitabu bila sahihi, nikaanza upya. Mara ya pili kilimfikia kikiwa na wino wa rangi tatu na doa la mafuta ya mashine katikati ya ukurasa. Alitia sahihi akiwa bado amesimama.

Kwa hiyo andika siku ileile, hata mistari miwili. Andika na ulichoharibu: "Nimemkwaruza mteja nyuma ya sikio, mashine imelegea" inaaminika kuliko "leo nimejifunza mengi." Na sahihi zidai mapema, usisubiri zirundikane. Aliyekuwa akisimamia huduma yangu alipata uhamisho kabla hajasaini, nikapanda matatu mbili kumfuata huko alikokwenda, na nauli ilitoka kwenye pesa zangu za mandazi.

Huduma yenyewe, chagua mahali unapoweza kwenda kwa miguu. Rafiki yangu alichagua kituo cha watoto kilicho mbali kwa sababu kilisikika kizuri. Nauli ilipoisha, na huduma ikaisha. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto hesabu kanisani, nyuma tu ya ua wa shule. Haikuwa na mvuto wowote, lakini mvua inyeshe isinyeshe nilifika. Kuhusu mazoezi sina la kusema: kama unacheza mpira kila wiki, umeshaanza, peleka tu kitabu kwa kocha.

Na wewe uliyeanza ukaishia njiani, mlango hufungwa unapofikisha miaka 25. Kitafute kile kitabu, hata kama kimeliwa na mende pembeni, ukipeleke kwa mlezi akuambie kilichobaki.