Ufunguo wa kigeni hauji na fahirisi
Ndugu, swali lako la hifadhidata (query) linalounganisha majedwali ya wateja na mauzo linachelewa, ingawa umeweka ufunguo wa kigeni (safu ya mteja_id katika mauzo, inayoelekeza kwa mteja katika jedwali la wateja), kwa sababu PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huunda yenyewe fahirisi (orodha ya kutafutia rekodi haraka) ya ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, lakini haiundi ya ufunguo wa kigeni. Hivyo, ili kupata mauzo ya mteja mmoja tu, hulazimika kusoma jedwali zima la mauzo. Endesha swali hilo kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi linavyotekelezwa, na ukiona "Seq Scan on mauzo", yaani jedwali zima la mauzo linasomwa, andika CREATE INDEX CONCURRENTLY ON mauzo (mteja_id). Neno CONCURRENTLY huruhusu mauzo mapya kuendelea kuandikwa wakati fahirisi inajengwa, na kwa duka lililo kazini tafadhali usiliache. Kwa ripoti ya wateja wote, hata hivyo, kusoma jedwali zima mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi.