Jibu: Sampuli moja imeruka mbali kwenye mti wa virusi

Habari ndugu. Kwa hiyo sampuli 11 za korona zimekaa pamoja kwenye mti (mchoro wa ukoo wa virusi), moja tu imejitenga kwa mabadiliko 25, na zote ni za wiki moja. Usitangaze aina mpya bado. Jenomu, yaani maandishi yote ya kinasaba ya kirusi hiki, ina herufi karibu 29,900, na kwa kawaida hubadilika herufi kama mbili tu kwa mwezi.

Kwanza tazama mabadiliko yenyewe yako wapi. Yakirundikana sehemu moja, hasa karibu na mapengo ya N (herufi zisizosomeka), shuku makosa ya usomaji. Mimi yalinikuta: nilisahau kukata praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), nikapoteza siku mbili nikishangilia upuuzi. Kisha fungua faili la BAM, lenye vipande vilivyosomwa vikiwa vimepangwa kwenye jenomu. Herufi mbili zikigawana nusu kwa nusu mahali pengi, huenda sampuli ya jirani imemwagikia humo. Ct (mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane) je? Ikizidi 30, virusi ni vichache na makosa hupenya kirahisi.

Yote yakiwa safi, rudia kutoka RNA ya sampuli, si kutoka maktaba ileile (DNA iliyokwisha kuandaliwa kwa mashine ya kusoma). Ukipata yaleyale, uliza kuhusu mgonjwa: mwenye kinga dhaifu anaweza kukaa na kirusi miezi mingi, kikabadilika humohumo mwilini.

Tupia hapa orodha ya mabadiliko tuione.