Mtoto wa wiki tano ananyonya karibu kila saa: je, ni kweli maziwa hayatoshi?

Mama mwenzangu, nimesoma maelezo yako kwa makini. Umesema mtoto ana wiki tano, ananyonya karibu kila saa, jioni hataki kabisa kuachia titi, na nyumbani umeshaambiwa kwamba maziwa yako ni mepesi na kwamba aanzishiwe uji ili alale. Nimenyonyesha watoto wawili hapa Dar es Salaam, na wa pili alikuwa vivyo hivyo, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia na niliyoelekezwa na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto.

Kunyonya mara kwa mara, peke yake, si dalili ya upungufu wa maziwa. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na wengine huzidi hapo, kwa sababu tumbo lake bado ni dogo na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Tena hanyonyi kwa kupishana saa zilizo sawa: anaweza kupumzika vizuri mchana, kisha kuanzia magharibi akanyonya, akaachia, akalia, akataka tena mpaka usiku uingie. Mara nyingi hali hiyo huzidi anapofikia wiki ya tatu hivi na ya sita, anapokua kwa kasi, na wako yuko karibu kabisa na hiyo ya sita. Mwili wa mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakibaki titini utengenezaji hupungua, na yakinyonywa mara nyingi huongezeka. Ndiyo maana uji, maji ya sukari au kopo la maziwa huleta lile lile lililokuwa likihofiwa: mtoto anashiba kitu kingine, ananyonya kidogo, na baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli. Huniumiza kila ninaposikia mtoto mchanga amepewa uji, kwa kuwa tumbo lake halijawa tayari kwa chakula hicho na kuhara kwa mtoto wa umri huo ni hatari. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka miezi sita, na joto letu la Dar es Salaam halibadilishi ushauri huo, maana sehemu kubwa ya maziwa yenyewe ni maji.

Kipimo chako kisiwe kilio. Tazama nepi: mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa walau mara sita kwa siku, na mkojo wake huwa wa rangi iliyofifia, si wa njano iliyokolea. Kisha tazama kadi ya kliniki. Kwa kawaida mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, huurudisha uzito wa kuzaliwa inapofika wiki ya pili, na baada ya hapo, katika miezi ya kwanza, huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari wa kadi ukipanda vizuri, maziwa yanatosha, hata kama matiti yako yamekuwa laini na hayajai kama wiki ya kwanza, na hata kama ukikamua unapata kidogo tu, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri huyatoa maziwa vizuri zaidi kuliko mkono au pampu.

Jambo ninalokuomba ulichunguze leo hii ni jinsi anavyoshika titi. Mwanangu alikuwa akishika ncha ya chuchu tu. Alinyonya muda mrefu, chuchu zikaniuma na kupasuka, naye akabaki na njaa. Muuguzi mmoja alikaa nami akanielekeza: mwili wote wa mtoto unigeukie, tumbo lake liguse langu, kichwa na mgongo viwe katika mstari mmoja, pua ielekee chuchu, nisubiri afungue kinywa wazi kabisa, ndipo nimlete yeye kwenye titi na si titi kwake. Aliposhika ile sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu, na hasa ya upande wa chini, kidevu kikagusa titi na mdomo wa chini ukapinduka nje, nilianza kusikia akimeza, na maumivu yakapungua. Mwache amalize titi moja, kwani maziwa ya mwishoni yana mafuta mengi zaidi, kisha mpe la pili kama bado anataka. Usiache kunyonyesha usiku, maana homoni inayochochea maziwa, prolaktini, huwa juu zaidi wakati huo.

Kuhusu wazee wa nyumbani, usibishane nao. Mama mkwe wangu, ambaye alinipikia mtori kwa upendo mkubwa, nilimwomba tuongozane siku ya kupima uzito, naye aliposikia kutoka kwa muuguzi kwamba mjukuu ameongezeka vizuri, habari ya uji iliisha. Mtori na supu vinampa mama nguvu, nawe kula na unywe maji ya kutosha, lakini kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya.

Ikiwa nepi zinakaa kavu, au uzito umesimama, au mtoto amelegea, ana homa, macho yamekuwa ya njano, au analala kupita kiasi na ni mzito kuamka kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Ukiwa huko, omba muuguzi akutazame unaponyonyesha toka mwanzo hadi mwisho, asiishie kumpima mtoto tu. Kukiwa na haja ya kumwongezea, muulize kwanza kama unaweza kumpa maziwa yako mwenyewe uliyoyakamua, kwa kikombe kidogo kisafi badala ya chupa, huku ukiendelea kumweka titini kila anapotaka.